Fremu ngapi kwa sekunde? Mwendo wa polepole huamuliwa kabla ya kurekodi

WATU wengi wanaorekodi video kwa kamera au kwa simu huamini kuwa mwendo wa polepole ni kazi ya kompyuta. Kwa imani hiyo, tukio hurekodiwa kama kawaida, kisha mhariri huketi mbele ya kompyuta na kulipunguza kasi kadiri apendavyo.

Imani hiyo ndiyo chanzo cha video nyingi za harusi, michezo na matangazo ya biashara ambazo mwendo wake hukatikakatika kama gari linalopita juu ya matuta. Mteja huona kasoro hiyo mara moja, hata kama hawezi kueleza imetokana na nini.

Ukweli ni kwamba ulaini wa mwendo wa polepole huamuliwa kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa. Tukio likishapita, hakuna programu inayoweza kuzirejesha picha ambazo kamera haikuzichukua. Bi harusi harushi shada la maua mara ya pili, wala mkimbiaji harudii kukata utepe kwa sababu kamera ilikuwa imewekwa vibaya.

Uamuzi wenyewe unahusu jambo moja: kamera ichukue picha ngapi katika kila sekunde. Hata hivyo, jambo hilo moja huvuta mengine nyuma yake, yakiwamo mwanga, umeme wa ukumbini, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na namna faili litakavyohaririwa.

Fremu na chimbuko la mwendo wa polepole

Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, na kila moja huitwa fremu. Zikionyeshwa haraka, jicho la mwanadamu haliwezi tena kuzitenganisha, na ubongo huziona kama mwendo mmoja.

Mwaka 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, katika jimbo la California nchini Marekani, ili zipige picha moja baada ya nyingine farasi alipokuwa akipita. Picha hizo zilionyesha jambo ambalo macho hayakuwa na uwezo wa kulithibitisha: kuna wakati ambapo kwato zote nne za farasi anayekimbia huwa zimeacha ardhi.

Mwaka 1904, kasisi wa Austria aliyeitwa August Musger alisajili hataza ya mtambo uliotumia vioo kuonyesha mwendo wa polepole. Katika sinema za enzi hizo, kamera ilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha aliyetaka tukio lionekane polepole aliuzungusha mkono kwa kasi zaidi, hivyo akachukua picha nyingi, ambazo baadaye zilionyeshwa kwa kasi ya kawaida.

Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Kamera ya kidijitali nayo huchukua picha nyingi kwa haraka, kisha video huzionyesha kwa utulivu.

Sinema zenye sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ya fremu 24 kwa sekunde ilikubalika kuwa kipimo cha kawaida. Televisheni ilifuata mkondo mwingine. Nchi zenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, zilitumia mfumo wa PAL wenye fremu 25. Marekani, ambayo umeme wake ni wa mizunguko 60, ilitumia mfumo wa NTSC wenye fremu zinazokaribia 30.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012, na Kenya ikahama mwaka 2015. Pamoja na mabadiliko hayo, hesabu za 25 na 50 zimebaki katika kazi za televisheni za eneo hili, na umeme wa majumbani ni ule ule wa mizunguko 50.

Hesabu ya msingi

Kanuni ya kukokotoa mwendo wa polepole ni fupi. Idadi ya fremu zilizorekodiwa kwa sekunde hugawanywa kwa idadi ya fremu zitakazoonyeshwa kwa sekunde. Jibu linalopatikana ndilo linaloonyesha tukio litarefuka mara ngapi.

Video ya mwisho ikiwa ya fremu 25, tukio lililorekodiwa kwa fremu 50 hurefuka mara 2. Lililorekodiwa kwa fremu 100 hurefuka mara 4, la fremu 200 mara 8, na la fremu 240 mara 9.6. Kwa maana hiyo, sekunde moja iliyorekodiwa kwa fremu 100 itachukua sekunde 4 kwenye skrini.

Tukio likirekodiwa kwa fremu 25 tu, kisha likapunguzwa kasi kwa nusu, hakuna fremu mpya zinazopatikana. Programu hulazimika kuirudia kila fremu mara mbili, hivyo mtazamaji huona picha 12 au 13 tofauti kwa sekunde badala ya 25. Huko ndiko mikatikokatiko inakotoka.

Njia bora ya kuitumia kanuni hiyo ni kuanzia mwisho. Mpiga video hujiuliza kwanza tukio lenyewe linachukua muda gani, kisha angependa mtazamaji alione kwa muda gani.

Kwa mfano, maji yanayoruka kutoka kwenye glasi iliyodondoka huweza kuchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Ikiwa mhusika anataka yaonekane kwa sekunde 2, anahitaji kulirefusha tukio mara 10. Mara 10 kwa fremu 25 ni fremu 250. Kamera yenye uwezo wa fremu 240 itampatia takriban sekunde 1.9, tofauti ambayo hakuna atakayeiona.

Hesabu hiyo pia huzuia kupita kiasi. Dansi ya sekunde 20 ikirekodiwa kwa fremu 240 na kuonyeshwa kwa fremu 25 itakuwa video ya sekunde 192, yaani zaidi ya dakika tatu. Ni wachache watakaovumilia kuitazama hadi mwisho. Fremu 240 hufaa kwa mzunguko mmoja wa gauni au hatua moja ya kurukia juu, wala si kwa wimbo mzima.

Kasi ya tukio ndiyo mwongozo

Fremu nyingi si bora wakati wote. Kinachotakiwa ni fremu zinazolingana na kasi ya tukio.

Mtu mzima anayetembea kwa kawaida husogea takriban mita 1.4 kwa sekunde. Katika video ya fremu 25, husogea kiasi cha sentimeta 6 kati ya fremu moja na inayofuata, na mwendo wake huonekana laini.

Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 katika mbio za mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu ilizidi mita 12 kwa sekunde. Kwa fremu 25, mkimbiaji wa kasi hiyo huruka takriban nusu mita kati ya fremu na fremu. Kwa fremu 100 pengo hilo hupungua hadi sentimeta 12, na kwa fremu 240 huwa sentimeta 5. Kwa maneno mengine, zinahitajika fremu zaidi ya 200 kwa sekunde ili mkimbiaji huyo asogee polepole kama mtu anayetembea.

Fainali ya mbio hizo katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, ni mfano mwingine. Noah Lyles wa Marekani alimshinda Kishane Thompson wa Jamaika kwa tofauti ya elfu tano za sekunde, baada ya kukimbia kwa sekunde 9.784 dhidi ya 9.789. Fremu moja ya video ya kawaida huchukua elfu 40 za sekunde, muda ambao ni mara nane ya tofauti hiyo. Ndiyo maana washindi huamuliwa kwa kamera maalumu za mstari wa kumalizia, ambazo mjini Paris zilikuwa na uwezo wa kuchukua picha 40,000 kwa sekunde.

Vilevile, kinachohesabika ni kasi ya kitu ndani ya picha, wala si kasi yake halisi pekee. Ndege ya abiria iliyo mbali angani huenda kwa kasi kubwa, lakini huvuka picha taratibu. Kinyume chake, mkono wa mpiga ngoma uliorekodiwa kwa karibu huvuka picha nzima kwa kufumba na kufumbua. Kadiri mpiga video anavyokisogelea kitu au kukivuta kwa lenzi, ndivyo anavyohitaji fremu nyingi zaidi.

Kwa matukio ya kawaida, viwango vinaweza kupangwa kama ifuatavyo.

Fremu 50 au 60 hutosha kwa mwendo mtulivu: maharusi wakiingia ukumbini, shela likipepea, moshi wa ubani au mawimbi ya bahari yakifika ufukweni.

Fremu 100 au 120 hufaa kwa dansi, soka, watoto wanaocheza, mchele na maua yanayorushwa juu ya maharusi. Hiki ndicho kiwango chenye matumizi mengi kuliko vyote, kwa kuwa hupunguza kasi kwa kiasi kinachoonekana wazi bila kudai mwanga mwingi mno.

Fremu 200 au 240 ni za matukio ya ghafla kama vile shampeni inapofunguliwa, maji yanaporuka au mpira unapogusa wavu.

Kuanzia fremu 1,000 na kuendelea ni eneo la puto linalopasuka na majaribio ya kisayansi. Mguu wa mchezaji hugusana na mpira kwa takriban elfu 10 tu za sekunde. Kamera ya fremu 100 hupata fremu moja ya mgusano huo, ya fremu 240 hupata mbili, ilhali ya fremu 1,000 hupata kama kumi. Kamera za kiwango hicho, kama Phantom Flex4K, hutumika katika sinema, matangazo na maabara.

Zipo pia harakati za kujirudia ambazo humdanganya mtazamaji. Gurudumu linalozunguka huweza kuonekana limesimama au linarudi nyuma iwapo kasi yake inakaribiana na kasi ya fremu. Nyuki hupiga mabawa takriban mara 230 kwa sekunde. Kamera ya fremu 240 humkuta bawa lake likiwa karibu pale pale kila mara, hivyo huonekana kana kwamba halisogei sawasawa. Ili harakati ya aina hiyo ionekane ilivyo, kila mzunguko wake unahitaji kugawanywa katika fremu kadhaa.

Gharama yake ni mwanga

Kila fremu huhitaji kupata mwanga wa kutosha. Muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia katika fremu moja huitwa kasi ya shata. Sekunde inapogawanywa katika fremu nyingi, muda huo hauna budi kuwa mfupi.

Kanuni iliyozoeleka tangu enzi za filamu ni kuipa shata nusu ya muda wa fremu. Kwa fremu 25, shata huwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kwa fremu 50 huwa moja ya 100, kwa fremu 100 huwa moja ya 200, na kwa fremu 240 huwa takriban moja ya 500. Kiwango hicho huacha ukungu mdogo kwenye vitu vinavyosogea, ambao jicho huuona kuwa wa asili. Shata ikiwa fupi mno, kila fremu huwa kali kama iliyochongwa na mwendo huonekana mkavu.

Athari yake kwa mwanga ni kubwa. Kutoka fremu 25 kwenda 100, mwanga unaoingia katika kila fremu hubaki robo. Kwenda fremu 200, hubaki sehemu moja ya nane.

Upungufu huo hufidiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kufungua zaidi tundu la lenzi, jambo ambalo hupunguza eneo linaloonekana kwa ukali. Ya pili ni kupandisha kiwango cha ISO, yaani kuikuza ishara ya mwanga ndani ya kamera. Picha iliyotosheka kwa ISO 400 katika fremu 25 itahitaji ISO 1600 katika fremu 100, na hapo chenga huanza kuonekana kwenye maeneo ya giza. Njia ya tatu, na iliyo bora, ni kuongeza taa au kuhamia kwenye jua.

Ndiyo maana simu inayotoa video safi ya fremu 240 uwanjani saa nane mchana hutoa video iliyojaa chenga ukumbini saa nne usiku. Simu ni ile ile, ila mwanga umepungua.

Umeme wa mizunguko 50 na taa zinazopepesa

Tatizo linalowashangaza wengi ni mwanga unaopanda na kushuka, au michirizi ya giza inayopita kwenye video iliyorekodiwa chini ya taa za umeme. Kasoro hiyo haionekani kwa macho wakati wa kurekodi, na ni vigumu kuiondoa baadaye.

Chanzo chake ni umeme wenyewe. Katika nchi za Afrika Mashariki, umeme huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa hufikia kilele cha mwanga mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo, taa za tyubu za aina ya zamani na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Kamera ikichukua fremu 100 kwa sekunde, kila fremu hupata mpepeso mmoja kamili na mwanga hubaki sawa. Ikichukua fremu 120, fremu huachana na mipepeso. Baadhi hupata kilele cha mwanga na nyingine hupata bonde. Tukio linapopunguzwa kasi, tofauti hizo nazo huvutwa polepole na kuonekana bayana.

Kwa sababu hiyo, chini ya taa za umeme katika eneo hili, viwango salama ni fremu 25, 50 na 100. Shata nayo iwe sehemu moja ya 50 au moja ya 100 ya sekunde. Katika fremu 100, inafaa kuvunja kanuni ya nusu na kuiweka shata katika moja ya 100. Ukungu wa mwendo utaongezeka kidogo, lakini mwanga utakuwa maradufu na mpepeso utatoweka.

Kamera nyingi hutoa fremu 50 na 100 pale tu zinapowekwa katika mfumo wa PAL. Kamera iliyowekwa katika NTSC, ikiwamo iliyonunuliwa Marekani, huonyesha 30, 60 na 120. Mara nyingi mabadiliko hufanyika ndani ya menyu ya kamera yenyewe. Baadhi ya simu pia zina sehemu ya kuruhusu viwango vya PAL, ingawa nyingi hutoa 120 na 240 pekee kwa mwendo wa polepole. Simu za namna hiyo ni bora zitumike kwenye jua, ambalo halipepesi.

Tahadhari zaidi inahitajika pale ukumbi unapoendeshwa kwa jenereta, kwani mizunguko ya umeme wake huweza kuyumba mzigo unapoongezeka au kupungua. Aidha, taa za mapambo zenye swichi ya kupunguza mwanga hupepesa kwa mwendo wake zenyewe, usiofuata hesabu ya 100. Kwa taa hizo, dawa ni kurekodi sekunde chache za majaribio na kuzitazama kabla wageni hawajafika.

Ubora wa picha, kadi na sauti

Kamera ina kikomo cha kazi inayoweza kuifanya kwa sekunde moja. Fremu zinapoongezeka, mara nyingi ubora wa kila fremu hushuka.

Fremu ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, idadi ambayo ni mara nne ya ile ya pikseli 1920 kwa 1080. Hivyo, kurekodi 4K kwa fremu 100 ni kazi sawa na kurekodi ubora huo wa chini kwa fremu 400. Ndiyo sababu simu za kwanza zilizotangaza uwezo huu zilitumia picha ndogo. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilirekodi fremu 120, na iPhone 6 ya mwaka 2014 fremu 240, zote kwa pikseli 1280 kwa 720. Mwaka 2017, Sony Xperia XZ Premium ilifika fremu 960, lakini kwa kipande cha chini ya sekunde moja tu kwa wakati mmoja.

Tangazo la kamera kwa hiyo halipaswi kusomwa kwa idadi ya fremu pekee. Mnunuzi aulize fremu hizo hupatikana katika ubora upi, kwa muda gani, na kama kamera hukata pembe za picha au huacha kufuatilia kitu kwa ukali inapofika kiwango hicho.

Kadi ya kumbukumbu nayo huweza kukwamisha kazi. Video inayoandikwa kwa megabaiti 25 kwa sekunde hula gigabaiti moja na nusu kwa dakika, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa takriban dakika 42. Alama za V30, V60 na V90 kwenye kadi humaanisha kwamba haitashuka chini ya megabaiti 30, 60 au 90 kwa sekunde wakati wa kuandika. Kadi dhaifu husababisha kamera kusimama katikati ya tukio.

Suala la sauti husahaulika mara kwa mara. Kamera kadhaa hazirekodi sauti zinapokuwa katika hali ya mwendo wa polepole. Viapo vya ndoa, hotuba na mahojiano havifai kurekodiwa kwa hali hiyo. Wenye kamera mbili huiacha moja katika fremu 25 pamoja na sauti, na kuipa ya pili kazi ya mwendo wa polepole.

Kosa dogo la mhariri

Hata baada ya kurekodi ipasavyo, ulaini huweza kupotea katika uhariri. Lengo la mhariri liwe kuhakikisha kila fremu iliyorekodiwa inaonyeshwa mara moja, bila kurukwa wala kurudiwa.

Katika mradi wa fremu 25, faili la fremu 50 hupunguzwa hadi asilimia 50, na la fremu 100 hadi asilimia 25. Faili la fremu 120 linahitaji asilimia 20.83, na la fremu 240 asilimia 10.42.

Mhariri akiandika asilimia 25 kwa faili la fremu 120, programu hulazimika kuruka fremu moja katika kila sita. Mruko huo hutokea mara tano kwa sekunde, na jicho huuhisi kama mshtuko mdogo usioisha. Ili kuepuka hesabu hizo, programu nyingi za uhariri zina amri ya kulisoma faili la fremu 120 kana kwamba ni la fremu 25.

Zipo programu zinazobuni fremu za katikati kwa kulinganisha fremu mbili zilizopo. Hufanya kazi nzuri kwa kitu kimoja kinachosogea mbele ya mandhari tulivu. Hata hivyo, mikono inayopishana, maji yanayoruka, spoku za baiskeli na matone ya mvua huzichanganya, na matokeo yake ni vidole vinavyoyeyuka na kingo zinazotetema. Kadiri kamera ilivyochukua fremu nyingi za kweli, ndivyo programu hiyo inavyobakiwa na kidogo cha kubuni.

Video inapokuwa ushahidi

Kubuni fremu katika video ya harusi ni suala la ladha. Katika habari, mahakama na michezo, ni suala la ukweli. Fremu iliyobuniwa na kompyuta haionyeshi kilichotokea, bali huonyesha kile ambacho programu ilikisia, na haipaswi kutumiwa kuamua nani alimgusa nani.

Soka limelikabili tatizo hilo kwa kuongeza vipimo. Mfumo wa VAR ulitumika katika Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka 2018. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimeta 16 kati ya fremu mbili za kamera ya fremu 50. Akiwa anapishana na beki anayekimbia upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo, tofauti hufika sentimeta 32. Kuchagua fremu ya kabla au ya baada ya pasi kunaweza kugeuza goli kuwa otea. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kamera 12 zilifuatilia wachezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa ndani ya mpira kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde ili kuubaini wakati hasa wa mpira kupigwa.

Pamoja na usahihi huo, mwendo wa polepole una athari kwa hukumu ya mtazamaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kisayansi la PNAS la Marekani ulionyesha kuwa watu waliotazama kitendo kwa mwendo wa polepole walielekea zaidi kuamini kuwa mtendaji alikusudia, kwa vile alionekana kuwa na muda mrefu wa kufikiri. Mwongozo wa VAR nao unaelekeza mwendo wa polepole utumike kubaini mambo ya hakika, kama vile mahali mguso ulipotokea, na kasi ya kawaida itumike kupima ukali wa rafu.

Mpangilio wa uamuzi

Kwa mpiga video anayejiandaa kwa kazi, maswali hufuatana hivi: video ya mwisho itakuwa ya fremu ngapi, tukio linapaswa kurefuka mara ngapi, mwanga uliopo unatosha kiwango hicho, taa zilizopo ni za umeme au ni jua, na sauti inahitajika au la.

Iwapo jibu la mwanga au la taa ni baya, ni afadhali kushuka kutoka fremu 240 hadi 100, au kutoka 100 hadi 50, kuliko kurudi nyumbani na picha za giza zinazopepesa. Tukio lililorefuka mara mbili likiwa safi humridhisha mteja kuliko lililorefuka mara kumi likiwa limejaa chenga.

Maswali hayo yote hujibiwa kwa dakika kumi ukumbini au uwanjani kabla shughuli haijaanza. Baada ya hapo, kamera huwa imekwisha kuamua.